Aliyekula Nyuma ya Mlango

Saginaw, Michigan
9 Oktoba 1887

Dada Thirza,

Hujambo? U mzima? Na huo mguu wako wa kushoto, bado unatabiri theluji kuliko gazeti? Sisi huku hatujambo. Mke wangu Leonora, wifi yako, anakusalimu. Yaani angekusalimu kama angejua kwamba naandika, ila tangu asubuhi yuko juu na fundi wa mapazia. Marietta ametimiza miaka kumi na mmoja Jumanne iliyopita. Amerefuka huyo mtoto, anapiga piano, na Kifaransa amejifunza cha kutosha kunisema mbele yangu nisielewe.

Nyumba imekwisha. Ina vyumba ishirini na viwili, dada yangu, na mnara ambao mpaka leo hakuna aliyeniambia ni wa kazi gani. Nimeupanda mara moja. Kutoka kule juu nilikiona kiwanda changu cha mbao, nikauona mto umejaa magogo yangu, nikayaona mapaa ya watu wanaofanya kazi kwangu. Nikashuka, sijapanda tena.

Sasa nikwambie lililonikalisha hapa. Kila jioni tunakula saa moja, na inapigwa kengele. Wageni hawakosekani. Baba mkwe, mwenye benki, ana kiti chake. Watu wanaongea kwa sauti za msibani na kila mmoja ana uma tatu. Chakula hakinipiti kooni. Basi nimezua ujanja: nasema nafuata sigara, nazunguka mpaka stoo ya jikoni, nasimama nyuma ya mlango, na Bridget mpishi ananiwekea bakuli la maziwa na mkate uliomegewa humo, kama alivyokuwa akitutengenezea mama. Nakula nimesimama, koti mwilini, haraka haraka kama mwizi, huku nasikiliza nyayo za watu. Hicho tu ndicho kinachonishibisha. Cheka ukitaka, lakini usimwambie mtu.

Nina miaka arobaini na mitatu na sina wa kuzungumza naye. Nikipita barabarani watu wanavua kofia, halafu wananyamaza mpaka niishie. Nimechoka, dada. Uchovu wa kazi naujua, ule ulikuwa mtamu. Huu ni mwingine.

Kile chumba changu cha kaskazini bado kina kitanda? Sisemi kuja kutembea, nasema kurudi. Baba mkwe atakipokea kiwanda kwa mikono miwili, Leonora itampita wiki nzima kabla hajagundua, na Marietta atakuja kwako kila kiangazi akimbie majanini kama watoto wenzake. Nimelifikiria jambo hili mwaka mzima. Mengine yote acha, nijibu hilo tu.

Mdogo wako,
Aldi


Barlow Hill, Vermont
20 Novemba 1887

Mdogo wangu Aldi,

Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa. Usininunie, huku mavuno hayamngoji mtu. Mimi ni mzima. Mguu upo, unauma unapojisikia. Bibi Peaslee jirani anakusalimu sana, na dirisha lake la mwaka hamsini na sita bado anasema ni wewe uliyelivunja. Ng'ombe anatoa maziwa mpaka nayagawa. Matufaha mwaka huu yamezaa hadi matawi yameegemea ukuta, nimepata siki mapipa mawili. Jumatano wanawake walikuja kushona blanketi la viraka, tukacheka mpaka mchungaji akachungulia kuuliza kama kuna aliyeumia.

Na wewe nawe! Mtu ana vyumba ishirini na viwili halafu anakula nyuma ya mlango. Ningekuwa karibu ningekuvuta hilo sikio. Hata utotoni ulikuwa hivyohivyo, ukipewa kiti unataka sakafu. Mwambie wifi apunguze hizo uma, yaishe. Wenzako huku wangelala kwenye huo mnara usio na kazi na wangeshukuru.

Mimi, mdogo wangu, nimeridhika. Naamka, nafanya kazi zangu, naimba, nalala. Bwana Tuttle wa gazeti letu la kila wiki bado ananiomba beti za misiba. Mwezi huu tumemzika shemasi mzee, nikampa beti nne, mjane wake akazikata na kuzitia kwenye fremu.

Nilikuwa na mengi ya kukujibu, ila karatasi imefika ukingoni na mpeleka barua anapiga mluzi njiani.

Dada yako,
Thirza


Saginaw
11 Desemba 1887

Dada Thirza,

Salamu kwako na kwa Bibi Peaslee, na mwambie dirisha lile ni mimi, nakiri, nimechoka kulibeba. Huku tumepigwa na mafua nyumba nzima isipokuwa Leonora, ambaye mafua yenyewe yanamwogopa. Sikukuu ya Shukrani ilipita salama. Bata mzinga alikuwa mkubwa kuliko mchungaji wetu.

Lakini wewe, dada, umeniandikia ng'ombe, siki na viraka, na kitanda hukukitaja. Nimeisoma ile barua mara tatu nikadhani nimeruka ukurasa. Una lako jambo. Au nimekukosea?

Nikwambie kisa kimoja ujue hali yangu. Unamkumbuka Nels, yule Mnorwe niliyevuta naye msumeno miaka minne msituni, tukilala blanketi moja kambini, yeye akikoroma na mimi nikimpiga mateke? Mwezi uliopita msumeno wa kiwandani, kiwandani kwangu mimi, umemkata vidole vitatu. Nikaenda kumwona. Nilibeba kikapu, Leonora alikifunga utepe. Kuingia tu, mkewe akapangusa kiti kwa aproni yake, na kiti kilikuwa hicho kimoja. Wote wakasimama, hata watoto wakasimama. Nels mwenyewe, mkono umefungwa, homa imempanda, akainuka kitandani akaniita "Bwana Colburn, bwana". Nikasema, "Nels, kaa bwana, ni mimi." Akajibu, "Ndiyo, bwana." Hakukaa. Nikaacha kikapu nikaondoka. Nilipofika uani nikawasikia wameanza kuongea, mmoja akacheka. Nilisimama pale kwenye theluji nikisikiliza kicheko cha watu kama ombaomba. Nilitaka kurudi ndani, dada. Nilitaka kukaa sakafuni kwao.

Tiketi ya treni nitaikata ya mwezi Mei, tope likishakauka. Nataka neno moja tu kutoka kwako. Njoo, au usije.

Aldi


Barlow Hill
22 Januari 1888

Mdogo wangu,

Mwaka mpya uwe wa heri kwako, kwa wifi na kwa binti yangu Marietta, ambaye shangazi yake anamwona kwenye picha tu. Huku baridi imekaza. Maji yanaganda kwenye ndoo hatua nne kutoka jikoni. Bibi Peaslee aliteleza akakaa kitako mbele ya kanisa, hakuvunjika kitu ila alitoa neno ambalo wazee wa kanisa wanalijadili mpaka leo.

Pole kwa Nels. Nimemwombea.

Ninayo habari yangu na mimi. Nimetoa shairi kwa Bwana Tuttle, na safari hii si la msiba. Ni mambo ya kuridhika tu, mambo ya kawaida. Amelitia ukurasa wa mbele, hajawahi kunifanyia hivyo. Ningekutumia nakala ila zimekwisha.

Kuhusu chumba, kwa sasa kimejaa mahindi ya mbegu na matufaha ya kukausha, kuingia kwenyewe ni kwa ubavu. Na wewe huko una mke na mtoto, mtu hakurupuki. Tungoje majira ya kuchipua tuone. Vaa fulana mbili.

Thirza


Barlow Hill
25 Machi 1888

Aldi,

Kimya chako kimezidi. Nadhani ni ile theluji ya kati ya mwezi, treni zilikaa siku ngapi sijui, na milango ya watu tuliichimbua kwa koleo. Ikiwa umeandika, barua imelala mahali. Ikiwa hukuandika, mimi ni dada yako mkubwa, nilikubeba mgongoni, huna ruhusa ya kuninunia.

Sisi tu wazima. Ila mambo yamegeuka huku, sijui nianzie wapi. Lile shairi limetoroka. Mimi nilidhani gazeti la Bwana Tuttle linasomwa na watu mia nne wa bonde hili halafu linafungiwa mayai. Miaka kumi na mitano namwandikia, sikujua kwamba wahariri hubadilishana magazeti kwa posta, na kila mmoja anakaa na mkasi wake anakata kinachompendeza na kukichapa kwake. Wa Rutland amelikata. Wa Albany akalikata kwa yule wa Rutland. Sasa liko Cleveland, liko Boston, na huko mbele Bwana Tuttle mwenyewe hajui. Na kila linapokatwa jina langu linadondoka njiani, kwa hiyo linazurura halina mwenyewe. Ila Bwana Tuttle amewaandikia watu wa Boston kudai kwamba limezaliwa kwake, na mchapaji mmoja ameniandikia. Anataka kitabu kizima.

Mchungaji amelisoma mimbarini. Jumamosi niliingia dukani, watu waliokuwa wakibishana wakanyamaza wakanipisha kwenye jiko nikaote moto. Bibi Peaslee ananiita "Bi Colburn". Miaka yote hiyo ananiita Thirzi! Nimerudi nyumbani nikiwa na unga wangu na sijazungumza na mtu.

Ikitokea umeliona kwenye magazeti ya huko, usilichukulie vibaya. Matajiri ni wengi. Yeyote anaweza kuwa yule.

Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako


Saginaw
2 Juni 1888

Dada,

Natumaini u mzima. Huku watu wote ni wazima.

Juzi Alhamisi shule ya Marietta ilifunga mwaka. Unazijua hizo sherehe: jukwaa, maua ya karatasi, wazazi kwenye viti, na kila mtoto anasimama kusema alichokariri. Sisi tulikaa mstari wa mbele, ndio wetu siku zote, hata tukichelewa unabaki wazi. Bridget aliomba ruhusa ya kuja kumsikia mtoto, akakaa nyuma kabisa. Marietta alikuwa ametuficha atasema nini. Alitaka kutushangaza.

Akapanda na gauni lake jeupe, akainama, akatangaza: "Aliyekula Nyuma ya Mlango." Mimi nikatabasamu. Kweli, nilitabasamu, nikadhani ni hadithi ya paka. Halafu akaanza, kwa sauti ileile anayoniombea ruhusa ya kupanda farasi:

Meza yake yang'arika, vyakula vimejazana,
Mwenyewe ameondoka, mlangoni ajibana,
Bakuli amelishika, hataki mtu kumwona,
Anakula kwa kuiba, na vyote ni mali yake.

Dada, nilijitambua. Mkate umo, maziwa yamo, koti mwilini limo, nyayo za watu zimo. Hata kofia zinazovuliwa na watu wanaonyamaza, umetia. Mwanangu alikuwa akinisoma mimi mbele ya mji mzima na hajui. Alijua kulisema vizuri, mwalimu alimfundisha mahali pa kupumua. Alipofika mahali mtu yule anaposikia kicheko cha wafanyakazi wake akatamani kuingia, wanawake walitoa leso. Hilo la Nels nilikuandikia Desemba. Ulilipachika moto moto.

Upepeo wa Leonora ulikuwa ukipepea, ukaacha. Hakugeuka kunitazama. Aligeuka nyuma, akamtazama Bridget, na Bridget alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Basi watu wakafuata macho ya Leonora, kisha wakanitazama mimi. Wakaelewa. Wakapiga makofi, dada, tena wamesimama. Marietta akashuka akanikimbilia: "Papa, umelipenda? Umelia?"

Jioni hiyo Leonora alimfukuza Bridget kwa kutoa siri za nyumba. Bridget aliapa kwa watakatifu wake wote. Mimi nilikuwepo chumbani. Nilikuwa na barua zako mfukoni na ningeweza kusema ni mimi, ni mimi niliyesema, na niliyemwambia ni dada yangu. Sikusema. Nilitazama zulia. Bridget alipita na sanduku lake akaniambia, "Jilinde, bwana." Nimekuwa mtu wa namna hiyo.

Sasa nikwambie nilivyojua ni wewe, ikiwa ningekuwa na shaka. Ni ule ubeti wa mwisho, wa dada yule wa kilimani anayeamka, anafanya kazi zake, anaimba, analala, hana kitu na hakosi kitu. Nimesimuliwa kwamba hapo ndipo watu wanapolia zaidi. Wewe, Thirza? Wewe hujaimba tangu tulipomzika mama. Mimi nilikuwamo nyumbani mle, najua. Shairi zima ni kweli tupu, nililitoa mwenyewe kwa mkono wangu. Uongo ni huo mmoja tu, na ndio waliokupendea.

Tiketi nilikuwa nayo. Ilikuwa ya tarehe 28 Mei, siku tatu kabla ya sherehe. Niliiahirisha wiki moja, kwa sababu mtoto aliniomba nisikose kumsikia. Ningekuja hata bila jibu lako.

Sasa siwezi. Nikipanda treni ya mashariki leo, kila mtu wa Saginaw atasema yule analifuata bakuli lake. Watoto wa mitaani wanalijua kwa moyo. Leonora ametuma kadi za mwaliko, watu sitini, Jumamosi ijayo, ili waone mtu anakula na kucheka mezani kwake. Nitakula na nitacheka. Nikifika kwako nitakuwa nani? Nitakuwa yule mtu wa gazetini, amerudi kama shairi lilivyotaka.

Nilikuomba neno moja, dada. Ulikuwa nayo mengi hivyo, ukawapa watu wote isipokuwa mimi.

Alden


Barlow Hill
17 Juni 1888

Aldi, njoo.

Naanza nalo kwa sababu ndilo nililotakiwa kuandika Oktoba. Sikusalimu, utanisamehe.

Ng'ombe sina. Nilimuuza miaka miwili iliyopita. Matufaha yalizaa kweli, yakaozea chini kwa sababu siwezi kupanda ngazi na sina wa kumtuma. Wanawake walioshona viraka walishonea kwa Bibi Peaslee, mimi nilikwenda nikakaa pembeni, na aliyechekesha alikuwa mwingine. Chumba chako hakikuwa na mahindi wala mbegu. Paa la upande ule lilibonyea kwa theluji mwaka wa themanini na nne, kitanda kikalowa, godoro nikalichoma. Tangu hapo naishi jikoni. Nalala jikoni, nakula jikoni, nakuandikia hapahapa jikoni. Ungeuliza kitanda mara mia nisingekujibu, kwa sababu kukujibu ni kukuonyesha.

Lakini hiyo si sababu yote, na nimejiapiza kukwambia yote. Ulipoandika ile barua ya kwanza, niliisoma nimesimama mlangoni, na Mungu ananiona, nilifurahi. Nilifurahi kabla ya kulia. Miaka kumi na minane nasikia Alden hiki, Alden kile, Alden kajenga, na mimi niliyekufundisha kusoma niko hapa nafungua mlango kwa bega kwa sababu umevimba maji. Nilijiambia ana mali lakini hana raha, basi raha itakuwa kwangu. Na kwangu haikuwepo. Nikaitunga. Nilipoandika ule ubeti wa mwisho niliuamini kwa muda wa kuuandika. Kama ungekuja ungekuta nyumba ilivyo, ungekuta nilivyo, na hata hicho kidogo ningekikosa.

Nilisema moyoni watu wa bondeni hawakujui tena, Saginaw ni mbali. Huo ndio ujinga wangu, na ujinga haunipi udhuru.

Nimemwandikia wifi. Nimemwambia Bridget hana hatia, siri ilitoka kwako kuja kwangu, na aliyeitoa nje ni mimi. Akinichukia ana haki. Mchapaji wa Boston nimemjibu hapana. Ameandika tena kwa upole sana, sikumjibu.

Ile habari ya watu kusimama kwa Nels, sasa naielewa. Mimi wananipisha kwenye jiko la duka na nimeacha kwenda. Sisi wawili ndio tuliobaki tunaojuana tangu tukiwa na kamasi. Usiniachie hili.

Mtoto wa Peaslee na fundi wake wamekuja jana kubadili vigae vya mbao. Mpaka Julai paa litakuwa zima. Godoro jipya nimelijaza mwenyewe. Waseme huko watakavyosema, waimbe barabarani, na wewe njoo. Ukitaka usiseme nami, usiseme; nitakuwekea chakula nitoke. Njoo na hasira zako zote, chumba kinazitosha. Njoo na Marietta. Njoo hata siku moja.

Thirzi


Barlow Hill
12 Agosti 1888

Aldi,

Hujambo? Je, ulipata barua yangu ya Juni? Wifi hajajibu pia.

Kila siku treni ya saa tisa inapopiga honi bondeni natoka mpaka kwenye geti. Bibi Peaslee ameniuliza nangoja nani, nikamwambia namngoja ndugu yangu, akashangaa, akasema alidhani tulikwisha kuachana siku nyingi. Nikamwambia sisi hatuwezi kuachana.

Paa limekwisha. Halivuji, nimelijaribu kwa mvua mbili.

Nakungoja.

Thirza


Saginaw
30 Septemba 1888

Bi Thirza Colburn
Dada mpendwa,

Barua zako za Juni na Agosti zimepokelewa, ahsante. Natumaini afya yako ni njema na mguu haukusumbui. Sisi sote ni wazima.

Hali ya hewa imekuwa nzuri mwezi huu wote. Mto umejaa, na kiwanda kimepasua mbao nyingi kuliko mwaka mwingine wowote. Nyumba imepakwa rangi upya, Leonora amechagua kijani. Baba mkwe ametimiza miaka sabini na tumemfanyia karamu iliyohudhuriwa na watu wengi. Chakula kilikuwa kizuri sana. Marietta amejiunga na shule ya bweni. Mwalimu wake anaandika kwamba ameizoea. Mpishi tuliye naye sasa ni mtu wa Detroit na tunaridhika naye.

Nimefurahi kusikia kwamba paa lako limetengenezwa. Paa zima ni jambo la maana huko wakati wa baridi.

Kuanzia sasa, ukipenda kuandika, tafadhali peleka barua ofisini na si nyumbani. Karani wangu, Bwana Loomis, huzifungua zote na kunieleza zilizo na haja ya majibu.

Leonora anakusalimu. Sote tuna furaha.

Wako,
Alden W. Colburn